Kitenge cha Mnadani

Mama yake Mwesiga alipozikwa, watu wa Buganguzi walisema sasa huyu kijana atapumzika. Walimwita kijana ingawa alikuwa na miaka thelathini na sita na mvi zilikwishaanza kuchungulia juu ya masikio. Mama alipooza upande mmoja Mwesiga akiwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne. Baba alikuwa ameshafariki, na dada yake wa pekee, Georgina, alikuwa ameolewa Bukoba mjini. Kwa hiyo kazi ya kumgeuza mama kitandani, kumwogesha, kumlisha uji na kumfulia mashuka ilimwangukia yeye. Wenzake walipokwenda kwenye harusi na kwenye mipira wakarudi na habari za wasichana, yeye alikuwa anachemsha maji. Miaka ikapita hivyo. Alipokuja kuinua kichwa, wenzake walikuwa na watoto wa sekondari, na yeye hajawahi kukaa na mwanamke asiye ndugu yake wakaongea mpaka mazungumzo yakaisha yenyewe.

Si kwamba hakuwataka wanawake. Lakini mwanamke akimsimamisha njiani kumuuliza bei ya ndizi tu, shingo ilimkakamaa, macho yakashuka kwenye vidole vya miguu, na jibu likatoka kama kikohozi. Kwenye kilabu cha rubisi, pombe ya ndizi, walimpa jina la Bibi Harusi. "Bibi Harusi amefika, mpisheni akae." Naye alicheka pamoja nao, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Georgina aliona yanakoelekea. Msiba ulipokwisha alimwambia mume wake, Avit, "Mchukue ndugu yangu akakae na sisi mjini kidogo. Mfundishe kuongea na watu. Nikimwacha hapa atazeeka na mbuzi."

Avit aliuza nguo za mitumba katika soko la Bukoba. Alikuwa mwanamume mfupi mwenye sauti nzuri na shati lililopigwa pasi hata siku ya mvua. Alijua kumsimamisha mwanamke mwenye haraka zake, akamchekesha, na mwanamke akaondoka na blauzi ambayo hakuwa ameijia. Alimpokea Mwesiga kwa moyo mmoja.

"Muramu," alimwambia, kwa lile neno la Kihaya la shemeji, "ugonjwa wako nauona. Kila mwanamke akikutazama unadhani anakuhukumu. Hapa sokoni tutaumaliza."

Kazi ikaanza. Mwesiga alipewa rundo la sweta na akaambiwa kila anayesimama amuulize swali moja, kisha asubiri. Mama wa kwanza kusimama, mnene, mwenye kikapu cha nyanya, Mwesiga alimuuliza, "Una miaka mingapi?"

Yule mama alimtazama, akamtazama Avit, akasema, "Huyu umemtoa wapi?" na akaenda zake. Wauzaji wa jirani walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Avit hakucheka. Alimvuta Mwesiga nyuma ya marobota.

"Usimuulize mtu jambo ambalo jibu lake ni namba," alisema. "Muulize jambo la kumfanya afikirie. Halafu nyamaza. Wewe ukipata hofu unakimbilia swali jingine. Usikimbie. Mpe nafasi."

Siku nyingi zilikuwa mbaya. Alisema yasiyofaa, au hakusema kitu kabisa, na jioni Georgina alimwongezea mezani ndizi ambazo hakuzimaliza. Kisha asubuhi moja alikuja mwanamke mzee akitafuta sweta la mtu mzima, zito, lenye vifungo mbele. Mwesiga akamuuliza ni la nani. Mzee akasema ni la mwanawe, amelazwa hospitali ya Rubya, ameanguka kutoka kwenye mti na mgongo hauinuki. Mwesiga akasahau kwamba anaogopa. Akamweleza kwa nini vifungo mbele ni bora, namna ya kumvalisha mtu asiyeweza kuinua mkono, namna ya kumgeuza ili ngozi isichubuke, na mahali pa kuweka mto. Walizungumza mpaka jua likahama kutoka upande mmoja wa kibanda kwenda mwingine. Mzee alipoondoka alimshika mikono yote miwili.

"Umeona?" Avit alisema, macho yanang'aa. "Maneno unayo. Yalikuwa yamelala."

Tangu siku ile mambo yalibadilika. Avit alimfundisha kutazama uso wa mtu anapoongea, kukumbuka jina la mtoto wa mteja na kuliuliza tena, kutembea katikati ya njia badala ya kubanana na ukuta. Alimchagulia suruali za kitambaa kizuri na mashati mawili. Na jioni, wakitembea kando ya ziwa kuelekea nyumbani, alimpa fundisho alilolipenda kuliko yote.

"Mwanamume hajifichi, muramu. Mwanamke anapenda anayemtaka mbele za watu. Anayekuja kwa nyuma ya nyumba ni mwizi, au ni mume wa mtu. Mimi nilipomtaka dada yako, nilikuja mchana, nikapita katikati ya uwanja wenu wajomba wote wamekaa. Mama yako mwenyewe alisema, huyu ana uso."

Mwesiga aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa mdogo, akamwona Avit akikatiza uwanja kama mtu anayekwenda kuchukua kilicho chake. Alilala na picha hiyo kichwani.

*

Alirudi Buganguzi kabla ya mvua za vuli, na suruali zote zilikuwa ndefu kuliko miguu yake. Alizipeleka kwa Kokuhirwa.

Kokuhirwa alikuwa mjane. Mumewe, Eliud, alikuwa amefariki kwa ajali ya pikipiki barabara ya Kagoma, akamwachia binti mmoja, Nancy, aliyekuwa darasa la tano, cherehani, na kibanja, yaani nyumba yao na migomba na mibuni inayoizunguka. Alishona kwenye baraza la duka karibu na kanisa. Mwesiga alikuwa amempita pale miaka yote akitazama chini. Safari hii alisimama akasubiri amalize mshono.

"Suruali hizi zinanishinda," alisema. "Nikizivaa naonekana kama nimemwibia mtu mrefu."

Kokuhirwa aliinua uso. Alimtazama kama mtu anayehakikisha ni yule yule. Kisha akacheka, akachukua futi yake. "Simama vizuri nikupime."

Kesho yake alileta ya pili. Wiki iliyofuata akaleta ya tatu, na shati lisilokuwa na tatizo lolote.

"Mwesiga," Kokuhirwa alimwambia, "una suruali ngapi?"

"Zimekwisha," alijibu. "Nilikuwa naanza kufikiria mapazia."

Alimuuliza ni nani aliyemfundisha kushona, akanyamaza, akasubiri. Kokuhirwa akamweleza habari za shangazi yake, kisha habari za Eliud, na namna ambavyo hata sasa akisikia pikipiki inapunguza mwendo karibu na nyumba mkono wake husimama juu ya kitambaa. Hakuwa amemwambia mtu jambo hilo. Mwesiga hakusema pole kwa haraka. Alikaa tu kwenye benchi, mikono magotini, mpaka mwanamke akaendelea mwenyewe.

Mwezi wa kumi upepo uliangusha migomba ya wengi. Mwesiga alikwenda kumsaidia kusimika miti ya kuegemeza iliyobaki. Walipomaliza Kokuhirwa alimletea maji ya kunawa, akaangalia barabarani, akaangalia upande wa nyumba ya Lameki, kaka mkubwa wa marehemu, ambayo bati lake lilionekana juu ya migomba.

"Nataka nikwambie jambo na ulisikie vizuri," alisema. "Eliud alipofariki ukoo ulikaa. Walisema nitabaki hapa kwa kuwa nina mtoto wao, na kwa kuwa bado namlilia ndugu yao. Siku nitakayokuwa na mwanamume, niondoke. Lameki anaisubiri siku hiyo. Sina mtoto wa kiume wa kumfunga mdomo. Mchungaji ameniahidi kwamba baada ya Krismasi atakaa nao, kibanja kiandikwe jina la Nancy mbele ya mashahidi. Wakishakubali, hata nikiondoka, mwanangu hatakosa kwao."

"Nimesikia," alisema Mwesiga.

"Basi mpaka hapo, usije kwangu kwa barabara. Pita huku mgombani. Na kanisani usinikaribie, nisalimie kama unavyowasalimia wengine. Sikufukuzi, Mwesiga. Unanielewa? Sikufukuzi."

Alielewa. Alikwenda nyumbani akiwa na furaha iliyomfanya azunguke chumbani. Lakini siku zilivyosogea, neno moja lilianza kumwasha. Mgombani. Alikuwa amepita pembeni ya kila kitu maisha yake yote, na sasa, alipokwisha kupata uso, anaambiwa apite mgombani.

Mwezi wa kumi na moja senene walishuka. Buganguzi nzima ilikuwa nje alfajiri, wanawake na watoto wakiinama kwenye majani wakiwakamata wadudu wale wa kijani. Kwa Wahaya senene si chakula tu. Zamani mke aliwakusanya akampelekea mumewe, na mume akajibu kwa kumnunulia nguo. Wengi siku hizi hununua kilo sokoni wakala bila kukumbuka hayo, lakini wazee wanakumbuka, na Kokuhirwa alilelewa na shangazi mzee. Asubuhi moja Nancy alifika kwa Mwesiga na kifurushi cha jani la mgomba.

"Mama amesema ni kwa ajili ya ile migomba uliyotusaidia," alisema mtoto.

Ndani mlikuwa na senene waliokaangwa, waliotolewa mabawa na miguu mmoja mmoja kwa uangalifu. Mwesiga aliwala wachache wachache, akifunga jani kila mara, ili wasiishe.

Alimpigia simu Avit. Alimweleza yote: senene, mgombani, Lameki, mchungaji na Krismasi. Avit alisikiliza mpaka kwenye senene, akapiga kelele ya furaha, na mengine aliyasikia kwa sikio moja.

"Muramu, mwanamke wa Kihaya amekupa senene, na wewe umekaa? Nunua nguo!"

"Amesema nisijionyeshe mpaka baada ya Krismasi."

"Ndivyo wanavyosema. Anakupima. Anataka ajue kama wewe ni mwanamume au ni yule yule wa zamani. Mwanamke akikuficha, muramu, mwisho wake anakuonea aibu. Au anamficha mwingine nyuma yako."

"Si hivyo. Kuna huyo shemeji yake."

"Shemeji anakula wanaojificha. Ukisimama mchana kweupe, ataogopa. Jumapili nakuja na dada yako kutazama kaburi la mama. Tutakwenda wote kanisani."

Mwesiga angeweza kukataa. Baadaye alijiambia mara nyingi kwamba Avit alimsukuma, na ni kweli alimsukuma, lakini mguu ulikuwa wake. Alikuwa na hamu kubwa watu wa kilabuni waone. Hamu hiyo hakumwambia mtu.

*

Jumapili ile kanisa lilijaa. Ibada ilipokwisha watu walitoka uwanjani kwenye mnada wa sadaka: mikungu ya ndizi, mayai, kuku aliyefungwa miguu, na kitenge kimoja kipya, cha samawati chenye maua ya njano, kilichotolewa na mama mmoja aliyepona ugonjwa. Mwinjilisti alikiinua juu. Bei ikaanza kupanda kwa utani, kama kawaida. Avit akamgusa Mwesiga kiwiko.

Mwesiga alitaja bei. Mtu akaongeza. Akataja nyingine, kwa sauti iliyofika mpaka ukuta wa nyuma. Wanaume wa kilabuni waligeuka. "Huyu ni Mwesiga?" Mwinjilisti akagonga meza. Kitenge ni chake.

Kwenye mnada kama ule mtu hununua kitu akampa mchungaji, au mama yake, au akamrudishia aliyekitoa. Mwesiga alikikunjua, akakatiza uwanja. Watu walimpisha. Alipita mbele ya wazee kwenye mabenchi, alipita mbele ya Lameki, akasimama mbele ya Kokuhirwa, aliyekuwa amemshika Nancy mkono, na akamfunika mabegani.

Wanawake wawili watatu walipiga vigelegele, kisha wakaviacha njiani.

Uso wa Kokuhirwa haukukasirika. Ulizima. Alimtazama Mwesiga, kisha akakivua kile kitenge taratibu, akakikunja mara mbili, akakiweka juu ya meza ya mnada karibu na mayai, na akaondoka na mtoto wake kwa barabara kuu.

"Ana aibu tu," Avit alinong'ona.

Lameki alikuwa amesimama mahali pale pale. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa akisalimiana na watu.

Mwesiga alikwenda kwa Kokuhirwa jioni ile, kupitia mgombani. Mlango ulikuwa umefungwa. Alibisha.

"Nilikwambia," sauti yake ilisema kutoka ndani. "Nilikwambia kwa mdomo wangu."

"Kokuhirwa, nifungulie tuongee."

"Nilikwambia, ukasema umesikia."

Hakufungua.

*

Ukoo ulikaa Jumamosi iliyofuata, uwanjani kwa Lameki. Mchungaji alikuwa safarini kwenye semina, na alipopigiwa simu alisema wamngoje. Hawakumngoja. Mwesiga hakuitwa, kwa kuwa si wa ukoo ule, lakini alikwenda. Alivaa suruali safi. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, na alipofika alishangaa kwamba moyo hauendi mbio.

Kokuhirwa alikuwa ameketi kwenye mkeka upande mmoja, peke yake. Nancy alikuwa amewekwa upande wa pili, katikati ya mke wa Lameki na shangazi. Mwesiga aliomba ruhusa ya kusema, akapewa.

Alisimama wima. Aliwatazama machoni, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. "Wazee, kitenge nilimpa mimi. Yeye hakuniomba, na mbele yenu wote hakukipokea. Hajawahi kuniita nyumbani kwa ndugu yenu kwa jambo baya. Huyu mama ameulinda msiba wenu kwa heshima. Analima, anashona, anamsomesha mtoto wenu. Kosa ni langu. Nitozeni mimi faini, niadhibuni mimi. Yeye hana hatia."

Hakuwahi kusema vizuri hivyo. Alifikiri ameshinda.

Lameki alitikisa kichwa kama mtu aliyependezwa. "Mwesiga, sisi tunakujua. Mwaka jana ulikuwa ukiulizwa bei ya ndizi unakohoa. Leo umesimama mbele ya ukoo usio wako, unamtetea mwanamke kama wakili. Ulimi huo umeupata wapi?"

Watu walicheka.

"Kwa kushonewa suruali?" Lameki aliendelea, na kicheko kikazidi. Kisha akageuka, sauti ikawa ya upole. "Nancy, njoo mwanangu. Usiogope. Msimu huu wa senene, mama alikutuma kwa huyu?"

Mtoto alimtazama mama yake. Kokuhirwa alifumba macho.

"Sema kweli. Jumapili si mnafundishwa kusema kweli?"

"Alinituma," alisema Nancy.

"Ulimpelekea nini?"

"Senene."

"Wabichi?"

"Wamekaangwa."

Lameki alifungua mikono kuelekea kwa wazee. "Senene wametoka kwa mwanamke. Nguo imerudi kutoka kwa mwanamume, hadharani, mbele ya kanisa zima. Mnataka ndoa gani nyingine?"

Mwesiga alianza kusema tena. Alisema kwa ufasaha, na kila neno lilizidi kumzamisha mwanamke. Akaona jambo hilo kwenye nyuso zao, lakini alikuwa amezoea sasa na hakujua namna ya kuacha. Kokuhirwa ndiye aliyemnyamazisha.

"Mwesiga," alisema kutoka kwenye mkeka, bila kumtazama. "Kaa chini."

Uamuzi haukuchukua muda. Kokuhirwa aondoke na nguo zake kabla ya Krismasi. Cherehani ilinunuliwa na Eliud, kwa hiyo ibaki. Kibanja kirudi mikononi mwa Lameki. Nancy ni damu yao, atalelewa kwa baba yake mkubwa. Mama akikaa kwa adabu, ataruhusiwa kumwona wakati wa likizo. Akionekana na yule mwanamume, hata hilo basi.

Nancy hakulia. Alikuwa anawatazama watu wazima mmoja mmoja, kama anayetafuta ni wapi alipokosea katika kusema.

*

Mchungaji aliporudi alisikitika sana. Alikwenda kwa Lameki, wakanywa chai, akatoka akisema mambo ya ukoo yanahitaji uvumilivu. Kokuhirwa alipeleka shauri kwenye baraza la kata, likaahirishwa, likaahirishwa tena. Lameki hakungoja. Alikata mibuni ya zamani ya kibanja kile upande wa barabara akaanza kuchimba msingi wa nyumba.

Mwesiga alimfuata Kokuhirwa Kagoma, kwa kaka yake alikokwenda kujihifadhi. Alimkuta anamenya ndizi nyuma ya jiko.

"Twende kwangu," alimwambia. "Nikuoe kanisani, kwa haki. Nyumba ninayo, shamba ninalo."

"Na Nancy?"

Mwesiga aliokota ganda la ndizi, akaliweka tena chini.

"Nikija kwako, nitakuwa nimewaambia kwamba walisema kweli," alisema Kokuhirwa. "Na mtoto ataambiwa kila siku kwamba mama yake alimwacha kwa ajili ya mwanamume. Wewe ni mtu mzuri, Mwesiga. Siku zile barazani, nilikuwa nangoja mchana ufike ili uje na hizo suruali zako. Nataka ulijue hilo. Sasa nenda."

Mwesiga alikwenda moja kwa moja Bukoba. Avit alikuwa sokoni, amemshikia mteja gauni mbele ya kioo. Alipomwona shemeji yake uso ulichangamka, kisha ukaacha.

"Nilikuambia," Mwesiga alisema. "Nilikuambia kwenye simu. Habari za Lameki, za mchungaji, zote nilikuambia."

"Nilidhani ni maneno tu, muramu. Wanawake husema."

"Yule hakuwa anasema. Alikuwa ananiambia."

Avit alirudisha gauni kwenye kamba. Alijaribu kueleza kwamba kwa Georgina ilifaa, kwamba kama Kokuhirwa angekuwa msichana anayekaa kwao ingefaa hata kwa Mwesiga. Aliongea kwa muda, sauti nzuri ile ile, mpaka akaishiwa. Akakaa juu ya robota. "Basi nifanye nini?" aliuliza. "Niende kwa huyo Lameki?"

"Usiende popote," alisema Mwesiga. "Tafadhali. Usiseme na mtu yeyote."

Georgina alipata habari hizo jioni, akasimama jikoni na kisu mkononi, na kwa muda mrefu hakumenya kitu. Mwesiga hakulala kwao.

Maisha kwa kaka hayakudumu. Wifi alikuwa na watoto wengi na uvumilivu mdogo. Kufikia Pasaka Kokuhirwa alikuwa amevuka kwenda kisiwa cha Kerebe, kuanika dagaa kwa mfanyabiashara wa huko. Mwesiga alivumilia mpaka mwezi wa sita, kisha akapanda mtumbwi wa injini pamoja na magunia ya mkaa na wavuvi waliokuwa wanarudi kambini.

Alimkuta mchangani, katikati ya wanawake wanaogeuza dagaa kwenye jua. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa imepasuka kwa jua na mchanga. Alipomwona alitazama kushoto na kulia kwanza.

"Nani amekuona unakuja?"

"Watu wa mtumbwini tu."

"Watu wa mtumbwini wanatosha." Aliendelea kugeuza dagaa. "Umemwona Nancy?"

"Namwona njiani. Amerefuka. Anakwenda kisimani na mabinti wa Lameki."

"Viatu anavaa?"

"Vya shule, anavaa."

Kokuhirwa aliinama zaidi, akafuta uso kwa mkono wa gauni. "Likizo ya mwezi wa nne hawakumleta. Walisikia kwamba ulinifuata Kagoma. Wamesema Desemba, kama hakutakuwa na maneno." Aliinuka akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mnada. "Sitakuomba mara mbili. Usije tena huku. Usinitumie kitu. Na Nancy usimsemeshe. Hata salamu. Lameki akiona umesimama na mtoto atasema wewe ni tarishi wangu, na Desemba itakwenda kama ilivyokwenda Aprili. Hata akikusalimia yeye, pita."

Mwesiga alikuwa na maneno mengi. Alikuja nayo kutoka Buganguzi, yamepangwa. Aliyaacha.

"Nitapita," alisema.

Alirudi kwenye mtumbwi akakaa juu ya magunia matupu mpaka ukaondoka. Hakugeuka kupunga mkono, kwa kuwa wanawake walikuwa wanatazama.

Mwezi wa nane alikuwa anatoka kuuza kahawa, wakakutana kwenye kona ya barabara karibu na kisima. Mtoto alikuwa peke yake, ndoo kichwani, mkono mmoja umeishika. Barabara ilikuwa tupu, lakini bati la Lameki lilionekana, na kulikuwa na mtu juu ya ule msingi mpya anapanga matofali.

"Shikamoo," alisema Nancy.

Mwesiga alitazama mbele akaendelea kutembea.

Nyuma yake hatua za mtoto zilisimama. Maji yalimwagika kidogo kutoka kwenye ndoo, akayasikia yakipiga vumbi.

"Baba Mwesiga," Nancy aliita. "Shikamoo." Kisha, akidhani labda hakusikia, akapaza sauti. "Mimi nilisema kweli tu! Waliniuliza!"

Mtu wa matofali aliinua kichwa kutazama. Mwesiga alishika njia, na hakupunguza mwendo mpaka alipofika nyumbani kwake.